Bi. Zalihata Madi na Lugha ya Kwao Kanikeli

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani, mliotoka Leicester alfajiri na mliofunga maduka yenu hapa Kenton ili kumsindikiza mama yetu. Mzee Haroub Mbarouk, mume wa marehemu, amemwomba mkwe wake Nizar, ndiye huyu anayesoma mbele yenu, awaeleze kwa ufupi Bi. Zalihata alikuwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1956 katika kijiji cha Kanikeli, kusini mwa kisiwa cha Mayotte, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Madi Kombo, mkulima wa mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, na Bi. Soifia. Watu wa kijiji hicho wanasema Kibushi, lugha ya watu wachache, iliyo ndugu wa Kimalagasi na wala si wa Kiswahili, na jamaa zake wengine wako mbali sana, Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Kwa Kibushi maji ni ranu na mchele ni vari, na kwa maneno kama hayo ndiyo Bi. Zalihata alijifunza kusema.

Mwaka 1962 alitiwa chuoni kwa babu yake mzaa mama, akahitimu Kurani, na babu akamfundisha kuandika Kibushi kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake. Skuli ya Kifaransa ilikuwa mbali na wasichana wachache walipelekwa, lakini mdogo wake, Bi. Echati, aliyemfuata baada ya miaka kumi, aliiwahi, akawa anaandika Kibushi hicho hicho kwa herufi za kizungu, basi dada wawili wa tumbo moja, wenye lugha moja, hawakuweza kusomeana barua.

Mwaka 1974 alifuatana na shangazi yake kwenda Unguja kuangalia jamaa, na hapo ndipo Mzee Haroub, wakati huo kijana fundi umeme, alipomwona kwenye harusi Vikokotoni, akarudi kwao akasema hali chakula mpaka mtu apelekwe kuposa. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1976, na mwaka 1979 Mungu akawajaalia mtoto wao wa kwanza, Mbarak.

Familia imeona jambo hili lisifichwe. Unguja neno kibuki ni jina la mambo ya watu wa Bukini, yaani Madagaska, na lugha yao, na pia ni jina la ngoma ya mashetani, na siku moja Bi. Zalihata alipokuwa akimbembeleza mwanawe kwa lugha ya kwao, jirani alipita chini ya dirisha, akaenda kutangaza mtaa mzima kwamba mke wa Haroub amepandwa na shetani. Mama mkwe, aliyempenda sana, alimkalisha kitako, akamshika mikono, akamwambia, "Mwanangu, maneno hayo yaache. Watu watamtenga mtoto." Bi. Zalihata aliyaacha siku hiyo hiyo. Mumewe alikuwepo na hakusema kitu.

Mwaka 1988 walihamia London, wakapata nyumba hapa Kenton, na tarehe 3 Juni 1990 akazaliwa binti yao Afnan, mke wa Nizar, ambaye, kama watoto wengi wa hapa, alikielewa Kiswahili cha mama yake na akakijibu kwa Kiingereza. Marehemu alifanya kazi ya kushona dukani kwa Bi. Minal tangu mwaka 1993 hadi alipostaafu mwaka 2019, akishona blauzi za sari na mabuibui, na wengi waliomo humu ndani wameolewa wakiwa wamevaa nguo zilizopita mikononi mwake. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema lugha nyingine isipokuwa Kiswahili na Kiingereza chake cha dukani.

Tarehe 11 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na alipozinduka hospitalini, Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vimeondoka. Alisema sana, kwa haraka, akiwatazama watu usoni, na wauguzi wakaandika kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizo na maana, mpaka alipokuja Bi. Deepa, mtaalamu anayewasaidia wagonjwa kurudisha usemi, akakaa akamsikiliza, kisha akamgeukia Mzee Haroub.

"Huyu mama hababaiki," akasema. "Anarudia maneno yale yale kwa mpango. Alipokuwa mdogo walisema lugha gani kwao?"

Mzee Haroub alilia. Alikuwa ameishi na mkewe miaka arubaini na mitano, na hakujua hata namna ya kumuuliza kwa lugha hiyo kama anaumwa.

Mkalimani hakupatikana. Afnan akamtafuta mama yake mdogo, Bi. Echati, Kanikeli, akampata kwa simu ya video, na kwa Kifaransa alichosoma skuli akamweleza, kisha akaielekeza simu kitandani. Wale dada walipoonana, walisema wote kwa pamoja, wakacheka, wakalia. Baadaye Afnan akauliza mama yake alikuwa anasema nini wiki zote hizo.

"Anakuulizia wewe," akajibu Bi. Echati. "Anasema, mwanangu huyu anashinda hapa, amekula?"

Mbarak alitaka mama asaidiwe kukirudisha Kiswahili, kwani nani London atajifunza lugha ya vijiji vichache? Afnan akamjibu, na kwa mara ya kwanza alimjibu kwa Kiswahili: "Yeye ametufuata sisi miaka yote. Sasa tumfuate yeye." Akaanza masomo kwa simu, kila jioni, akiandika kwa herufi za kizungu kama mama yake mdogo, pamoja na ile herufi b yenye ndoana kichwani, inayosomwa kwa kuvuta pumzi ndani. Ni mwandiko ambao baraza la kisiwa liliupitisha mwaka 2020, pamoja na ule wa Kiarabu.

Marehemu aliporudi nyumbani usemi wake ulipungua, na Bi. Deepa akampa ubao mdogo mweupe. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kutoka kulia, kwa herufi za babu yake. Mzee Haroub aliweza kuzisoma herufi lakini hakujua maana, na Afnan alijua maana lakini herufi zilimshinda, hivyo walikaa huku na huku ya kitanda, mzee akisoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni, akikwama na kurudia, na binti akisikiliza na kumfasiria baba yake kwa Kiswahili.

Kwa njia hiyo Mzee Haroub alimuuliza mkewe kama aliwakasirikia kwa yale ya Unguja. Bi. Zalihata aliandika pole pole, akafuta, akaandika tena. Mzee akasoma, Afnan akafasiri: "Nilikasirika sana. Halafu ukawa unanichekesha."

Aliishi miaka mitatu mingine, Kiswahili kikarudi kidogo kidogo, na mtoto wa kwanza wa Afnan alipozaliwa, bibi yake alimbembeleza kwa Kibushi, madirisha yakiwa wazi. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, baada ya kiharusi cha pili, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa wamemzunguka. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Deepa aliyesikiliza, Bi. Nyambura aliyemwogesha na kumvisha kila asubuhi, jirani yetu Mama Bhanu ambaye sufuria zake bado ziko jikoni kwetu, Bi. Minal na wote wa dukani, na Bi. Echati, anayetusikiliza kwa simu sasa hivi kutoka Kanikeli.

Kabla ya dua, Mzee Haroub ameomba asimame yeye mwenyewe amuage mkewe kwa Kibushi. Amefanya mazoezi na Afnan tangu jana, na anaomba radhi mapema kwa makosa, ingawa anasema marehemu angekuwa wa kwanza kumcheka. Mama, pumzika kwa raha, Mungu akupokee kwa rehema. Karibu, mzee.