Kerttu na Kamba wa Haukkajärvi

Kamba wa Ziwa Haukkajärvi walikufa wote. Wote, wasikilizaji wapendwa. Ugonjwa uliingia na maji ya ziwa jingine, ukawamaliza kabla majira ya joto hayajaisha. Leo tunamkumbuka Kerttu Hakkarainen, aliyelilinda ziwa hilo kuliko sisi sote. Tumemzika Jumamosi.

Maziwa ya jirani yalikwisha kupandikizwa kamba wa Kimarekani. Hao wanaubeba ugonjwa na wanaishi nao. Wetu wakiupata, wanakufa. Kwa hiyo Kerttu alisimama gatini. Mtego wowote uliotoka nje ulilazwa kwanza kwenye joto la sauna yake, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, ukauke na ugonjwa ufe. Hata wa mchungaji wa kanisa.

Siku ya pili ya msimu wa uvuvi mwaka ule akaja mwanawe, Jouko, na mitego iliyolowa kutoka ziwa la jirani. Alikuwa amealika watu kula kamba. Akaanza kupakia mashua. Kerttu akaushika ukingo wa mashua. Dada yake Kerttu, Sirkka, alikuwepo, na maneno haya nimeyapata kwake.

"Mitego hiyo, sauna."

"Mama, kwani mimi ni mgeni hapa?"

"Wageni wananitii. Shusha."

"Watu wangu wana njaa! Unaniaibisha!"

"Wape soseji."

"Mitego ya hapa inaoga kuliko mimi."

"Hilo nalijua kwa pua. Shusha, Jouko, au nikuzamishe na mashua yako."

Wageni wakacheka. Jouko hakucheka. Alishusha mtego mmoja mmoja, akiubwaga chini.

Kesho yake mitego ilikuwa mikavu kabisa. Kerttu alitaka wapatane. Akamkorogea mwanawe kahawa, akamsindikiza mpaka gatini. Jouko alikuwa na ndoo ya samaki wadogo wa chambo, hai bado, ndani ya maji ya lile ziwa la jirani. Kerttu mwenyewe akaibeba, akaiweka mashuani.

"Shika chambo chako, mwanangu, kisije kikaoza."

Jouko alipofika katikati ya ziwa, akatia samaki mitegoni. Maji ya ndoo akayamwaga.

Ndivyo ugonjwa ulivyoingia, wasikilizaji wapendwa. Si kwa mitego. Kwa ndoo.

Wiki chache baadaye kamba walionekana mchana kweupe, wao ambao hutoka usiku tu. Walitembea kwa ncha za miguu kama walevi, kisha wakaanguka chali. Kerttu aliingia majini na sketi yake, akawa anawageuza.

"Nilimwambia atoke, atashikwa na baridi," anasema Sirkka. "Akaniuliza, 'Ile ndoo aliibeba nani?' Alijua."

Kwenye mkutano wa wenye ziwa kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake vibaya. Kerttu akasimama. "Acheni kutafutana. Ndoo ilikuwa ya Jouko. Niliyeibeba ni mimi." Jouko akachukua kofia yake, akatoka.

Sirkka, pole sana. Jouko, najua unasikiliza. Pole, ndugu yangu. Nasi wengine tunaohama ziwa hadi ziwa, tuwaze kabla ya kumwaga hata kikombe cha maji.

Haukkajärvi leo haina kamba hata mmoja. Familia tano zilizoishi kwa uvuvi huo zimehama. Mama na mwana hawakusemezana tena kwa miaka kumi na moja. Jouko alifika Jumamosi, jeneza likiwa limeshafungwa.