Wasifu wa Dkt. Laurencia Hyera, Mwenye Semina ya Jumatano

Padre, wafiwa wenzangu, majirani wa Utende na Kilindoni, na ninyi walimu na wanafunzi mliovuka maji kutoka Dar es Salaam kuja kutuzikia, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Isdory, kaka yake marehemu. Nimepewa kazi hii kwa kuwa ndiye niliyebaki katika kuzaliwa kwetu, wala si kwa elimu, maana niliishia darasa la nne nami ni mtoto wa mwalimu. Nikizunguka mtanivumilia. Mbele kidogo nitasema neno juu ya Jumatano ijayo, ambapo kazi ya mwisho ya Laurencia itaelezwa chuoni. Familia ilibishana Jumatatu kama ni halali watu kuiuliza maswali na mwenyewe hayupo. Lakini bila maisha yake jambo hilo halieleweki, kwa hiyo naanzia mwanzo.

Laurencia alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, hapa Kilindoni, mtoto wa nne na wa mwisho wa Mwalimu Hyera na Mama Isdory. Wazazi wetu walitoka Mbinga. Baba aliletwa Mafia kufundisha mwaka 1968, akamwambia mama watakaa miaka miwili. Wote wawili wamelala humu humu makaburini, hatua chache kutoka tuliposimama. Sisi asili yetu ni watu wa mlimani na kahawa, bahari hatukuijua. Aliyetufundisha ni jirani yetu wa Utende, Bi Mwanamkuu, ambaye amekaa pale kwenye kiti na fimbo yake. Maji yakipwa alikwenda kutafuta pweza, na Laurencia, mtoto wa miaka sita, alimfuata na kikapu. Siku moja akamuuliza, "Bibi, mbona kule nje maji yameshashuka, na huku ndani ya ghuba bado?"

Bi Mwanamkuu akamjibu, "Ndiyo desturi yake."

"Nani kaiwekea desturi hiyo?"

"Wewe mtoto utanimalizia maneno. Shika kikapu."

Swali lile alikaa nalo miaka arobaini na minane.

Alisoma Shule ya Msingi hapo Utende, mwaka 1979 hadi 1985, darasani kwa baba yetu, ambaye alimchapa sawasawa na wengine. Sekondari alisoma bara, kwanza Songea, kisha Morogoro, akamaliza kidato cha sita mwaka 1992. Akiwa kidato cha pili alimwandikia baba barua ndefu kuuliza lile jambo la maji ya ghuba. Baba alikaa nayo wiki nzima, akamjibu kwa mstari mmoja: "Mwanangu, sijui." Akatia sahihi na tarehe. Barua hiyo Laurencia aliitunza mpaka juzi. Mwaka 1993 aliingia chuo kikuu, Dar es Salaam, kusoma fizikia, wasichana wakiwa watatu darasani. Shahada ya uzamivu alikwenda kuisomea Norwei, akarudi mwaka 2006 na makoti mawili mazito ambayo hapa hayana kazi. Moja ninalo mimi, huwa nalitandika.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na Ndugu Fortunatus Mapunda, mganga wa wilaya nyingi, maana serikali ilimhamisha mara sita. Ndoa ilifungwa hapa Kilindoni. Mahari tulitaja, wakapunguza, tukanywa soda. Mungu akawajalia watoto wawili, Brightness na Isdory mdogo. Fortunatus ni mtu wa maneno machache na mke wake alikuwa wa maswali mengi, kwa hiyo nyumba yao haikukosa mazungumzo.

Sasa kazi. Alianza kufundisha chuoni mwaka 1997 akiwa msaidizi, akawa mhadhiri, kisha mwaka 2013 mhadhiri mwandamizi. Lakini wengi wenu mlimjua kwa semina ya Jumatano, aliyoisimamia katika Idara ya Fizikia tangu Septemba 2009. Kwa majirani ambao hawajaiona, nitaeleza nilivyoiona. Watu hukusanyika chumbani mchana. Mmoja husimama mbele akaeleza alichokipima na anachodhani maana yake. Akimaliza, wenzake humuuliza, nao hawamwonei huruma. Laurencia ndiye aliyetafuta wasemaji, akabeba chupa za chai mwenyewe, akaweka na taratibu. Wanafunzi waliuliza kwanza, maprofesa wakangoja. Na hakuna kuanza swali kwa shukrani. Mgeni mmoja mzito alisimama akasema, "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii kumshukuru..." Laurencia akamkatiza kwa upole, "Shukrani tumezipokea mlangoni, ndugu yangu. Swali lako ni lipi?" Mgeni hakuwa na swali. Akaketi.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anawatesa watu vile. Akasema, "Kaka, mtu akipigiwa makofi bila kuulizwa, basi hakuna aliyemsikiliza."

Ilikuwa pia desturi yao kwamba waliosaidia kupima hutajwa majina na hukaa mstari wa mbele. Ndivyo nilivyofika mimi huko.

Lile swali la utotoni alilirudia mwaka 2018. Alitaka kujua maji ya Ghuba ya Chole yanachelewa kupwa kwa muda gani, na kwa nini, maana ukijua hilo unajua pia uchafu ukiingia ghubani unakaa siku ngapi juu ya matumbawe. Chombo cha kwanza kilichopima chenyewe kiliingia chumvi kikanyamaza. Basi tukapigilia ubao wenye alama za sentimita kwenye nguzo ya gati la Utende, nami nikapewa daftari. Mara tano kwa siku, kuanzia asubuhi mpaka magharibi, nisome maji yamefika wapi, niandike.

Mnanijua. Miguu yangu haijawahi kukaa mahali pamoja. Agosti 2019 nilivuka kwenda kisiwa cha Juani kumsalimu rafiki, nikakaa siku kumi na moja. Niliporudi nikaona kurasa tupu, nikaona haya. Nikaketi barazani na kalamu. Bamvua ya maji makubwa naijua, maji mafu yasiyopanda sana nayajua, nikahesabu tarehe za mwezi nikajaza siku zote zile. Niliona nimemtendea haki.

Semina yake ilikuwa Jumatano, tarehe 20 Novemba 2019. Watu walijaa. Laurencia akaonyesha ukutani mstari wa maji ya mwaka mzima, unapanda na kushuka, mrefu kama kanga kumi zimeshonwa pamoja, akanitaja jina, nikasimama nikainamisha kichwa. Alipomaliza, akanyoosha mkono mwanafunzi mmoja, Sabra, aliyeanza shahada ya pili mwezi ule ule.

"Samahani, Daktari. Hapa katikati ya Agosti mstari ni laini mno. Siku nyingine zote umekwaruzwakwaruzwa. Bahari haina mwandiko mzuri hivi."

Laurencia akasema, "Pengine upepo ulitulia."

"Siku kumi na moja, Daktari?"

Laurencia ni mtoto wa Utende. Anajua Agosti ni upepo wa kusi, na kusi haitulii siku kumi na moja. Akaanza kugeuka upande wangu polepole, na mimi nikaona kwamba akiniuliza mbele ya watu nitasema uongo wa pili. Nikasimama kabla hajafika.

Nikasema, "Upepo haukutulia. Nilikuwa Juani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Na hizi namba, kaka?"

"Nilizitunga."

Akautazama ukuta, akavua miwani. "Umetunga vizuri. Nimeziangalia miezi mitatu na sikujua." Akawageukia wenzake. "Semina inaishia hapa. Matokeo haya nayaondoa. Asante, Sabra, swali lako ni zuri."

Makala yake ilikuwa imeshakubaliwa kuchapishwa. Asubuhi yake aliandika barua kuiondoa. Kupandishwa kwake kuwa profesa mshiriki kulitegemea makala ile, na hakukuja tena. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyoshika imeandikwa Daktari. Kuna ndugu walitaka tuandike Profesa, kwa heshima, wakasema nani atajua. Yeye angejua.

Siku ile jioni nilifunga begi. Akanikuta mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa wako."

"Ungenyamaza ndiyo ungeniaibisha. Kaa ule, wali unapoa." Nilipokuwa nakula akaleta daftari jipya, akaliweka karibu na sahani. "Tunaanza upya, bado sijajua tarehe. Siku usiyokuwepo acha wazi, uandike sababu."

Sikuelewa kwa nini ananipa mimi tena. Hata sasa sina hakika, ila nadhani alijua kwamba baada ya siku ile hakuna mtu Mafia ambaye angeogopa kutunga namba kuliko mimi.

Tarehe ilikawia zaidi ya miaka mitatu. Tulianza tarehe 1 Machi 2023, tukamaliza tarehe 29 Februari 2024. Safari hii tulikuwa wawili. Nikiwa sipo alisoma Bi Mwanamkuu, akaandika kwa tarakimu za Kiarabu alizojifunza madrasa akiwa msichana, na Laurencia, daktari wa fizikia, akajifunza tarakimu zile ili aweze kuziingiza kwenye kompyuta. Nafasi ishirini na tisa ziliachwa wazi. Mvua kubwa. Msiba Chole. Miguu imegoma. Hiyo ya mwisho ni yangu. Sabra, ambaye Laurencia alimchukua kuwa mwanafunzi wake baada ya siku ile, anasema nafasi zote ishirini na tisa zitaonyeshwa ukutani pamoja na sababu zake.

Aprili 2024 Laurencia aligundulika na saratani ya tumbo. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudiwa. Wiki alizokuwa hana nguvu ya kusimama alipelekwa semina na Brightness, akakaa kiti cha karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo, na watu wakanyamaza ili wamsikie. Juni mwaka huu aliomba arudi Utende. Tarehe ya semina yake ilikuwa imeshapangwa, Jumatano ya 22 Oktoba. Alipoona hatafika, alimwita Sabra, na Septemba nzima binti huyu alifanya mazoezi mbele ya kitanda. Laurencia akamuuliza na kumuuliza mpaka siku moja Sabra akalia.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Ukimaliza ujibu."

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani Utende, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fortunatus. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Jumatatu mkuu wa idara alitupigia simu. Alizungumza kwa adabu sana. Alisema semina wako tayari kuiahirisha, au kuifanya kumbukumbu tu: Sabra asome, watu wasimame, wapige makofi, waondoke. Fortunatus akasema hilo la makofi linafaa.

Mimi nikasema, "Shemeji, Laurencia hakupenda hivyo."

"Marehemu hahojiwi, kaka. Nani atamjibia?"

"Sabra yupo."

"Na akishindwa? Waseme mke wangu alikosea, na kaburi lake halijamaliza wiki?" Alikuwa amepandisha sauti. Sijawahi kumwona hivyo tangu tujuane.

Bi Mwanamkuu, aliyekuja kukaa matanga nasi, alikuwa amenyoosha miguu mkekani. Akasema, "Baba Brightness, mwenyewe tunamzika, hilo halina budi. Hesabu zake mnazizikia nini?"

Fortunatus akatoka nje. Jumanne asubuhi alinikuta nafagia uwanja. Akachukua ufagio mikononi mwangu, akafagia kidogo, akasema, "Acha waulize. Ila nami nitakaa mstari wa mbele."

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wa idara, hili ndilo neno la familia. Msije na huruma. Mkiona mahali mstari ni laini mno, semeni. Sabra akishindwa kujibu, mwacheni aseme hajui. Kama swali ni la ubao wa Utende na namna ulivyosomwa, nitakuwepo mimi, na Bi Mwanamkuu amekubali kuvuka kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1984, msimsumbue kwa ngazi. Na ikitokea mkakuta kosa la kweli, kosa lake mwenyewe, litajeni kwa jina lake mbele ya mume wake na watoto wake. Tutaumia. Lakini tutajua mmemsikiliza.

Marehemu ameacha mume, Fortunatus Mapunda. Watoto wawili, Brightness na Isdory mdogo. Kaka mmoja, ambaye ni mimi. Mama wa kumlea, Bi Mwanamkuu wa Utende. Na wanafunzi ambao idadi yao aliiandika mahali, tukiipata tutaitaja.

Mwenyezi Mungu amfutie makosa yake, amkaribishe kwake, ampumzishe. Semina ni Jumatano, saa nane kamili mchana. Chai ipo, ameiachia maagizo. Mlango utafungwa saa nane na dakika tano.