Mama Luambano na Vyeti vya Wanaoondoka

Wanachuo wote mnatangaziwa rasmi kwamba birika kubwa la ofisi ya Mkuu wa Chuo, ambalo halijawahi kuazimwa na idara yoyote, sasa linaruhusiwa kuazimwa. Mwenye birika, Mama Lidwina Luambano, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na miwili ya kukiongoza chuo chetu cha biashara hapa Mfaranyaki.

Alianza na ukumbi wa kupanga nyuma ya duka la mabati. Mvua ikinyesha, somo la uhasibu liliendelea kwa ishara. Wazazi walikuja, wakatazama, wakauliza kwa adabu chuo cha serikali kiko wapi. Naye aliwaelekeza vizuri, hadi na mahali pa kushukia. Pale mapokezi Mama alipiga marufuku neno "ila", maana tulizoea kusema: chuo chetu ni binafsi, ila walimu wapo.

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa vyuo vya serikali yakitoka, madarasa yetu hupungua kabla ya saa ya chai. Mwaka ambao tawi la chuo kimoja cha serikali lilifunguliwa Mshangano, yalikauka. Nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuja kudai vyeti vyao halisi vya sekondari, na wakaguzi wa usajili walikuwa njiani. Madarasa matupu yangetufungia chuo. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Polikarp, alitaka vyeti vikae kwanza kabatini, kama wafanyavyo wengine. "Dada Lidwina, ukiwaachia hawa utafundisha madawati." Mama akamjibu kwamba madawati angalau hayachelewi kipindi, akafungua kabati. Kila aliyeondoka alipewa cheti chake mkononi na kuambiwa: huko uendako, wakikuuliza ulianzia wapi, usione haya.

Wakaguzi walitupa muhula mmoja tu wa kujirekebisha. Sisi walimu tukaanza kuulizana habari za mashamba. Kabla muhula haujaisha akatokea Mzee Abdulswamadu, mkulima wa korosho kutoka Nalasi, ambaye binti yake Zulfa alikuwa miongoni mwa waliohamia Mshangano. Alikuja na wadogo wawili wa Zulfa na mtoto wa jirani. Akasema aliyemrudishia binti yake cheti bila kumzungusha, huyo ndiye wa kumwachia wanawe, inshallah. Nyuma yake wakaja wengine, wengi wao ndugu wa walioondoka. Usajili ukabaki. Hadi leo kule Tunduru tunajulikana kama chuo kinachokuruhusu kuondoka, na ndiyo maana wanakuja.

Mama Luambano, asante kwa kutulea bila kutufungia mlango. Tunakuombea afya, mahindi mazuri, na majirani wasiokuletea barua za kusaini.

Nafasi yake ilitangazwa Machi. Hadi programu hii ya sherehe ya kumuaga inachapwa, hakuna aliyeomba.