Mzee Mahona na Nzi wa Ukoo

Tarehe 30 Juni 1996 Mzee Mahona anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Wadudu, Bariadi, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1965 kuhesabu viwavi wa pamba, na kwa kuwa viwavi hawakuisha, naye hakuondoka.

Sisi wa masijala tunaujua ukali wake. Mdudu aliyeletwa na bawa lililochanika, hata kidogo tu, alitupwa dirishani, na aliyemleta akarudishwa shambani kutafuta mwingine. Hakuna aliyethubutu kubisha.

Ukali huo nusura umponze. Mwaka 1991 Daktari Salvatory wa chuo kikuu alimchukua kwenda kukusanya nzi kwenye mlima mmoja mrefu wa kaskazini. Mitumba ilikuwa imeanza kumiminika sokoni, basi Mzee akajinunulia koti zito lenye manyoya shingoni, akapanda nalo mlima bila kujua kwamba ni la kike. Picha tunayo.

Kule juu wapagazi walimletea nzi wadogo weusi wenye vipande tu vya mabawa. Mzee akaamini wameyavunja kwa kutikisa makopo. Siku tatu aliwagombeza, na siku tatu alitupa nzi. Siku ya nne akamkamata mmoja yeye mwenyewe, juu ya jiwe, akamkuta vivyo hivyo. Kumbe ndivyo walivyozaliwa. Daktari alipomchunguza kwa hadubini akasema aina hiyo haijawahi kuandikwa popote. Mzee akawaomba radhi wapagazi mmoja mmoja, kisha akapiga magoti kwenye baridi kuwatafuta aliowatupa.

Daktari alimwachia heshima ya kuchagua jina, ila kwa taratibu zao hakuruhusiwa kujipa la kwake. Hapo pakachimbika. Bwana Khatibu, mfanyabiashara aliyewasafirisha kwa lori lake jipya, alikwisha kulitangazia soko zima kwamba nzi ataitwa Khatibu. Mzee akaandika Mhoja, jina la marehemu baba yake.

Ukoo ukaja juu. Jina la mzee wao kubandikwa nzi, tena asiyeruka! Akaitwa kikaoni, na Bwana Khatibu akaenda kusikiliza. Mzee aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Jina la baba hupewa mtoto. Mimi na mke wangu Felisita hatukujaliwa. Mungu kanipa nzi, nifanyeje?"

Kikao kiliishia hapo. Wanasema Bwana Khatibu alilia kuliko ndugu, na nzi akabaki Mhoja.

Nami nililia niliposimuliwa, maana miaka yote ile nilimdhania ni mtu wa pini na makopo tu. Mzee, asante kwa kutufundisha kazi, hata kwa kutugombeza. Tunawaombea wewe na Bibi Felisita afya, mvua za kutosha na usingizi usiokatizwa na kengele ya ofisi. Mkipata nafasi, piteni kwangu. Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kiume. Tumemwita Mahona, na anamsubiri somo wake.

Apolonia, Masijala