Damu ya Kwenu

Mshonaji alipanda treni akiwa na nia moja tu: kusinzia hadi kituo cha mwisho. Lakini kwenye benchi la mbele yake walikaa bibi mmoja na mkamwana wake, wametoka kuitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wao, na hao hawakuwa na mpango wa kunyamaza.

"Mtoto amegoma kumwomba mwalimu radhi," alisema bibi. "Ukaidi ule si wetu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni damu ya kwenu."

"Mama, ni biskuti zako. Akinuna unampa, akilia unamwongeza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Biskuti haziumbi moyo. Kuna anayezaliwa mpole, na kuna anayezaliwa jiwe."

Mshonaji alikuwa amelea wanne kwa sufuria moja na mdomo mmoja, akapata wanne wasiofanana hata kwa kukohoa. Alizidi kufumba macho. Usingizi ulikuwa umeshakwenda zake.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, mkamwana alishusha pumzi. "Mama, yule tulimchukua kwenye kituo cha watoto yatima. Wewe mwenyewe ndiye uliyembeba kumleta nyumbani. Hana damu ya kwetu wala ya kwenu."

Bibi alishtuka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mshonaji alifumbua jicho moja.

Mlango ulifunguka. Bibi alinyanyua mkoba wake, akasimama.

"Haya, nieleze basi. Mbona akinuna anakunja mdomo kama marehemu babu yake, na hawakuwahi kuonana?"