Jicho la Mbegu

Garini kutoka Rongo kwenda Ndhiwa, Mong'ina alichambua njugu za kupanda msimu huu: mkono mmoja ukitia mfukoni, mwingine ukitupa dirishani. Hata hakutazama. Kwao hakuna anayeijua mbegu kumshinda, na asemaye hivyo ni yeye mwenyewe.

Aliya, muuguzi aliyeketi kando yake, akacheka. "Mama, hata mwili huchambua. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni huwa na mayai mamilioni, na mengi hufa kabla hajazaliwa. Inaaminika yanayoondolewa ni yale dhaifu."

"Kumbe mimi ni yai lililopita mchujo?"

"Umepita, mama."

Mong'ina alijitazama: miaka hamsini na miwili, viatu visivyofanana, na nyumbani mume aliyemchagua mwenyewe. "Sista, siku yangu mchambuaji alisinzia."

"Mwili hausinzii."

"Basi mimi nilipitaje?"

Aliya alikuwa akiutazama mfuko. Gari likasimama Ndhiwa. Mong'ina naye akachungulia. Mfuko ulijaa njugu zilizonyauka, zenye matundu na ukungu. Zile nono alikuwa amezipanda barabarani, tangu Rongo.