Barua Moja Katika Faili la Mama Jasbir

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Kamaljit Kaur, Msimamizi wa Kazi za Nyanjani katika kituo chetu cha utafiti wa afya hapa Nakuru, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2008. Mimi ninayeandika haya ni Jamleck Mburu, dereva wake kwa miaka kumi na mmoja. Wasifu wa aina hii kwa kawaida huandikwa na daktari, lakini madaktari wote walikuwa na shughuli, karatasi ikanifikia mimi. Wakijuta, shauri yao.

Bi. Kamaljit, ambaye sote tunamwita Mama Jasbir kwa jina la kifungua mimba wake, alizaliwa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru na akaingia kituoni mwaka 1979 kama mpiga chapa. Miandiko ya madaktari ilimshinda kila mtu isipokuwa yeye. Siku moja aliwaambia kwamba swali la saba katika dodoso lao lilikuwa tusi kwa mwanamke aliyefiwa na mtoto, nao wakamwambia aende akaulize yeye vizuri zaidi. Alienda, na kwenye taipureta hakurudi tena.

Garini alikuwa na sheria moja: dereva akipita kilomita themanini kwa saa, chai ya tangawizi ya kwenye thamosi ataisikia harufu tu. Madereva wa malori pale Salgaa walimwita "mathe wa mafaili", yaani mama wa mafaili. Kabeji za kando ya barabara alizipatania bei kwa Kikuyu kilichonishinda hata mimi niliyezaliwa nacho.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Ruzuku kubwa ya mwaka 2007, ile ya kuchunguza kwa nini akina mama wa Salgaa hufika hospitalini wakiwa wamechelewa kuliko wenzao wa Lanet, haikuja kwa sababu ya karatasi nzuri za ofisini. Kwa miaka miwili Mama Jasbir alikaa kila Jumatano kwenye hoteli ndogo ya mama aitwaye Cheptanui pale Salgaa, akina mama wakinywa chai na kubishana ni swali gani linafaa kuulizwa. Swali walilichagua wao. Wafadhili walipotangaza kwamba wanataka utafiti unaofanywa pamoja na wananchi, sisi tayari tulikuwa nao.

Kisha ukaja mwezi wa Novemba, mwaka huo huo wa 2007. Maagizo ya ruzuku yalitaka kila nyumba iandikwe namba mlangoni kwa rangi nyekundu. Akina mama wakakataa. Wamuyu, fundi wa nguo aliyepanga karibu na hoteli, alisema wazi: "Hii ni mwaka ya kura. Mlango yangu ikiwekwa alama, nani atajua ni ya hospitali?" Watu wa huku hawajasahau mwaka wa tisini na mbili, nyumba zilipochomwa kwa ukabila wakati wa kura. Wakapendekeza namba iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo hakuna mama anayeichezea. Mama Jasbir akalipeleka pendekezo hilo ofisini. Akajibiwa kwamba mkataba umeshatiwa sahihi, na kwamba jamii itaelimishwa. Neno hilo, kuelimishwa, bado linanichemsha damu. Milango mia mbili na kumi na minne ikapakwa rangi.

Siku chache kabla ya kura, uvumi ukaenea Salgaa kwamba namba zile ni orodha ya nyumba za kuchomwa. Cheptanui akapiga simu. Jumamosi, tarehe 22 Desemba, Mama Jasbir alifika na matambara na mitungi miwili ya thina ya kuondolea rangi, akaanza kufuta. Kila mlango alioufuta, aliomba kadi ya kliniki na kuandika namba nyuma yake kwa biro. Tulimaliza Jumapili jioni, vidole vyake vikiwa vimechubuka, naye akilalamika tu kwamba chai imepoa.

Kwa kazi hiyo alipewa barua ya onyo, kwa kuharibu utafiti na kutumia gari la ofisi bila idhini.

Yaliyofuata Januari, matokeo ya kura yalipopingwa na majirani wakachomeana nyumba, sote tunayajua. Siwezi kuapa kwamba kufuta namba kuliokoa nyumba yoyote. Ya Wamuyu iliungua hata bila namba. Lakini tulipomkuta kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao hapa Nakuru, alikuwa na mtoto, kitambulisho, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa kadi hizo Mama Jasbir aliwapata akina mama mia moja sabini na mmoja, wa kabila hili na lile, na utafiti ukaendelea.

Septemba tukapata ruzuku mpya. Nimeyasoma maombi yetu. Ukurasa mzima unasifu "mbinu ya kadi iliyobuniwa kwa ushirikiano na jamii". Jina la Wamuyu halimo, la Cheptanui halimo, la Mama Jasbir halimo. Ruzuku hiyo ina nafasi ya mshauri wa jamii, ambayo mstaafu anaruhusiwa kuishika kwa mkataba. Akina mama walimwomba yeye. Ofisi ikajibu kwamba mwenye barua ya onyo hapewi mkataba. Yaani jambo lile lile lililotuletea ruzuku sisi ndilo lililomnyima kazi yeye. Nimetafuta neno la heshima la kuliita jambo hili, sijalipata.

Nami nina langu la kukiri. Barua inasema alimwamuru dereva. Hakuniamuru. Nilimkuta akielekea steji ya matatu, mitungi mkononi, nikamfungulia mlango wa gari la ofisi na kumwambia, "Mama, ingia, tutaulizwa baadaye." Tulipoulizwa, aliandika kwamba alinilazimisha, kwa kuwa mke wangu alikuwa karibu kujifungua na mkataba wangu ulikuwa unakwisha. Nimenyamaza karibu mwaka mzima, na ninaona aibu.

Mama Jasbir, asante kwa miaka ishirini na tisa na kwa kila kikombe cha chai. Tunakuombea afya, miguu isiyouma, na Jumatano nyingi kwa Cheptanui.

Bwana Mkurugenzi, utakuwa umeketi meza ya mbele wasifu huu ukisomwa. Tunaomba barua ile itolewe kwenye faili lake. Kama ni lazima ikae mahali, iandikwe upya kwa jina langu. Sahihi nimeshatia.

Jamleck Mburu,
dereva wa gari la ofisi, tarehe 22 na 23 Desemba 2007.